Kabula Alicheka Mara Moja

Kaka Leonsi,

Barua ya mdogo kwenda kwa mkubwa wake huanza na shikamoo. Hii haina. Nilipochana karatasi hizi kwenye daftari langu la kisomo cha watu wazima nilijaribu kuiandika, mkono ukakataa. Siku ya maziko yako nilitupa udongo kaburini kama ndugu wengine, ila niliutupa kwa mkono wa kushoto. Mkeo Sesilia aliniona. Nami sikuona aibu, na leo, miezi saba baadaye, bado sijaiona.

Nikupe habari za huku kwanza, maana ulikuwa mtu wa kupenda habari. Duka lako halipo tena. Mlango unafunguliwa kila asubuhi, lakini santuri hakuna. Sesilia anauza chumvi, viberiti, na sabuni ikipatikana. Ile picha ya gramafoni uliyomwita fundi aichore ukutani imepakwa chokaa. Sahani mpya za santuri haziji. Sindano za chenja, ile mashine ya kuzipigia, haziji. Wenye sahani za zamani wanazipiga kwa sindano butu mpaka wimbo unasikika kama maandazi yanayokaangwa. Mikanda ya kurekodia ndiyo usiseme. Kwa hiyo biashara yako imekufa pamoja nawe, na mimi niliposikia hivyo, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Nilishukuru mapema mno. Nitakueleza.

Sikuichukia kazi yako tangu mwanzo, hilo ulijue. Nilijivuna nayo. Kule Goweko watu walikuwa wakiniita dada wa Leonsi wa santuri, nami naitika. Ulikuwa unashuka kwenye treni na sanduku lako la mbao, unaweka chenja juu ya meza ya muuza nyama, unapiga upande mmoja tu wa sahani. Upande wa pili hupigi. Mtu akiomba unamwambia, "Huo umo ndani, nunua ukausikilize kwako." Uliniambia jinsi zinavyotengenezwa: bendi za Tabora zinapiga mbele ya mashine yako, mkanda unaupeleka Nairobi, unasubiri miezi, halafu maboksi yanarudi na sahani nyeusi zinazong'aa, kila moja ina karatasi ya rangi katikati yenye jina lako. Niliona kama muujiza. Siku moja ulimwambia mume wangu Ferdinandi, tukiwa tunakula, "Shemeji, wimbo hauuziki kwa uzuri. Unauzika kwa kitu kimoja kidogo ambacho mtu atakikumbuka akiwa njiani kurudi kwake." Ferdinandi akacheka akasema una akili ya biashara. Mimi nikakuongezea mboga.

Nilikuongezea mboga, kaka.

Ulikuja msimu ule wa tumbaku, umebeba tepurekoda mpya kifuani, hutaki mtu akupokee. Ferdinandi alikuwa kwenye bani akichochea moto wa kukaushia majani. Mimi nilikuwa uani napepeta mtama, Kabula amekaa kwenye mkeka miguu ameinyoosha, ana mwaka mmoja na miezi minne, meno sita. Nilikuwa namwimbia ule wimbo ambao mama yetu alituimbia sisi wote wawili. Maneno yake si kitu, mtama umeiva, ndege wamekuja, mtoto asilie, mama anawafukuza. Wewe ulikuwa umeinama kwenye mashine yako, unaijaribu, ulisema. Nilipofika mwisho nikarusha mikono kama nafukuza ndege kweli, na Kabula akacheka. Unakijua kicheko chake. Kilianzia tumboni, kikamkata pumzi, kikaishia na kikwikwi. Alicheka mara moja. Halafu akaona kuku, akasahau.

Ukaturudishia. Sauti yangu ikatoka ndani ya sanduku na mimi nikajifunika uso kwa khanga. Kabula alipojisikia akicheka alitambaa mpaka nyuma ya mashine kumtafuta huyo mtoto. Ulicheka hadi machozi. Ukambeba juu ukamwambia, "Mjomba wako atakuweka humu mpaka uwe bibi kizee."

Mvua zilipoanza, surua ikapita kijijini kwetu. Ferdinandi alimfunga Kabula mgongoni mwangu, akanipakia kwenye baiskeli, tukaenda zahanati. Tulirudi kwa miguu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ulifika kwa treni ya kwanza. Ulilia kuliko wanawake, mpaka shangazi akakukalisha chini. Siku ya kuondoka ulinishika mabega ukasema, "Vero, nitafanya kitu kwa ajili ya huyu mtoto." Msibani watu wanasema mengi. Sikukuuliza kitu gani. Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Lakini wewe ulijua ni kitu gani, ukapanda treni ukanyamaza nacho.

Miezi sita baadaye nilikwenda Bukene. Dada yake Ferdinandi alikuwa amejifungua, nikatumwa kwenda kumsaidia. Nilifika mchana, jua limewaka, nikashuka na furushi langu. Pale stesheni kuna hoteli ya chai ya mama mmoja anaitwa Bi Zuhura, ameweka spika mlangoni ili wasafiri waisikie. Ilikuwa inapiga gitaa. Gitaa zuri, la kuchezesha mabega. Nikawa napita. Halafu nyuma ya gitaa nikasikia mwanamke anaimba, sauti iko mbali kama mtu aliyeko ndani ya mtungi, anaimba kwamba mtama umeiva.

Nilisimama. Nilidhani ni mtu mwingine anayeujua wimbo wetu. Nikasema moyoni, kumbe na wengine wanao. Kisha mwanangu akacheka.

Kaka, mwanangu alikuwa ardhini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemvika. Na pale mwanangu anacheka kwenye spika, na watu waliokaa kwenye mabenchi na vikombe vyao wanacheka naye. Gitaa likaendelea, akacheka tena. Sikuelewa. Alicheka mara moja tu, mimi nilikuwepo. Gitaa likaenda, likarudi, akacheka mara ya tatu, na kijana mmoja mpagazi akaiga kikwikwi chake, watu wakapasuka.

Bi Zuhura aliniona nimesimama juani. Akaniambia, "Karibu mama. Hujausikia huu? Ndio unaotamba reli nzima. Unaitwa Mtoto Anacheka." Nikamwuliza umetoka wapi. Akasema, "Tabora, kwa Leonsi. Nilinunua mwezi jana, wateja hawataki mwingine." Nilikwenda nyuma ya choo cha stesheni nikatapika. Kwa mzazi nilikaa siku mbili badala ya wiki mbili, wakasema nina kiburi.

Unakumbuka nilivyoingia dukani. Ulikuwa na wateja watatu. Nadhani ulijua mara uliponiona, maana uliweka chini kitambaa chako cha kufutia sahani. Nilikuuliza mbele yao, "Kabula alicheka mara ngapi?" Ukasema, "Dada, twende nyuma tuongee." Nikauliza tena. Ukasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mlinakili kile kicheko, mkakata nakala kwa wembe, mkakiunga mahali pengine pawili kwa sababu mara moja haitoshi, msikilizaji anakuwa bado hajakizoea. Ndivyo ulivyosema. Haitoshi.

Halafu ukasema neno ambalo nimekuwa nikilitembeza kichwani mpaka leo. "Vero, mtoto wako sasa anajulikana kuanzia Dodoma mpaka Mwanza. Watoto wangapi wanakufa na hakuna anayewajua? Mimi nimemfufua."

Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya chini, ndani ya bahasha zao za karatasi. Nilizichukua kwa mafungu nikazivunjia kwenye kona ya kaunta. Zile sahani ndogo hazivunjiki kirahisi, zinapinda kwanza, zinataka goti. Nilitumia goti. Mteja mmoja alitaka kunishika, wewe ukamwambia, "Mwache. Huyu ni mama yake." Nikafikiri, sasa umeelewa. Nilipomaliza nilikuwa natokwa damu mkononi, nikakutazama nikingoja neno. Neno ulilosema ni hili: "Nyingine zinakuja kutoka Nairobi. Nilishaagiza."

Na zikaja. Na ukaziuza.

Sikukanyaga kwako tena. Ulituma khanga kwa dereva wa lori, nikairudisha kwa dereva yuleyule. Ulituma barua mbili kupitia kwa padri wa Goweko. Nilizichoma bila kufungua, na ndani ya moshi wake nilijisikia vizuri kidogo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Ulisikia, kila mtu alisikia. Ferdinandi aling'oa mlango wetu na mbao za bani, lori likavibeba pamoja na sisi. Nilichoumia ni kuliacha lile kaburi dogo nyuma ya nyumba, maana nyumba ilibomoka masika ileile na sasa mtu akienda hawezi kujua ni wapi. Nilijiambia angalau tunakokwenda nitapata kimya. Modesta alikuwa ameshazaliwa, nina mtoto mwingine, nitaanza.

Siku ya kufungua duka la ushirika mwenyekiti wa kijiji alileta chenja ya betri. Walihutubia, tukapiga vigelegele, wakaweka sahani. Unajua ni ipi. Modesta, ana miaka mitatu, alikwenda katikati ya uwanja na wanawake wenzangu wakamzunguka wakimpigia makofi. Alikuwa anakata kiuno kwa mtindo wa kitoto, na kila kicheko kilipofika alikuwa anacheka pamoja nacho. Vicheko viwili, vya ndugu wawili. Vinafanana, kaka. Nilikwenda nikamchapa kofi usoni mbele ya kijiji kizima. Hakulia. Alinitazama tu, ameshika shavu. Mwenyekiti akazima chenja, akaniuliza, "Mama Modesta, kuna nini?" Nikasema jua limenipanda kichwani.

Kofi hilo ni langu. Mkono ni wangu. Lakini ukifika mbele ya Mungu na akakuuliza, useme nusu yake ni yako.

Mwaka jana ulituma mtu. Utingo wa lori alifika kijijini akanitafuta shambani, akasema, "Kaka yako anaumwa ini, amevimba. Anasema uje, ana neno la kukuambia kwa mdomo, haliandikiki." Nilimpa maji ya kunywa. Nikamwambia amwambie kwamba nimesikia. Lilikuwa jibu la ukatili, nililichagua nikijua. Ferdinandi alinisihi siku tatu. Mara ya pili utingo yule aliponifuata hakusema unaniita. Alivua kofia tu.

Sasa nikuambie kilichotokea baada ya kukuzika, maana wewe ulikwenda nalo neno lako ukadhani limeishia hapo. Siku ya kuanua matanga Sesilia aliniita chumbani. Macho yake yamevimba, ana khanga moja tangu siku ya kifo. Alikaa kitandani, akanishika mkono ule niliotupia udongo. Akasema, "Wifi, alitaka kukuambia kuhusu mkanda." Nikasema mkanda gani. Akasema, "Ule wa Goweko. Wa kwanza. Wewe na mtoto tu, bila magitaa."

Hata sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ule mkanda ulikuwepo. Miaka yote nilikuwa nagombana na sahani. Alipoutaja, kaka, nilisahau chuki yote kwa muda wa pumzi moja. Nilinyoosha mikono yote miwili mbele yake ili aniwekee.

Akaanza kulia. Akaniambia miaka miwili kabla hujafa, mikanda ilipoadimika, bendi moja ilikuja kutaka kurekodi, na wewe ulitafuta sandukuni mkanda wa kutumia, ukauchukua huo. Ukasema wimbo umeshatoka, sahani ziko kila mahali, mkanda wa nini tena. Ukarekodi juu yake. Hata hiyo bendi yenyewe, alisema, haikufika popote; Nairobi hawakuwataka.

Leonsi. Ulimchukua, ukamkata kwa wembe, ukamuuza, halafu alipokuwa amebaki pale mwenyewe, mzima, na mama yake, ukampigia bendi juu yake. Na ulijua. Miaka miwili ulijua, ndiyo maana uliniita. Ulitaka kunitwisha huo mzigo uondoke mwepesi. Nafurahi sikuja. Hapana. Sijui kama nafurahi. Ningekuja ningekupiga na uvimbe wako huohuo.

Nilimwuliza Sesilia kama imebaki sahani hata moja. Hakuna. Zilizokuja mara ya pili zilikwisha zote. Zile za mwanzo, zilizokuwa zimebaki dukani kwako, nilizivunja kwa goti langu. Hilo nalo ninalibeba. Nilisimama pale chumbani kwako, mtu niliyeitaka sahani hiyo itoweke duniani, nikaanza kuhesabu moyoni nani anayo.

Ya mwenyekiti ilikuwa imepinda kwa jua, inaruka. Nilikwenda Puge kwa mwalimu mmoja aliyeinunua kwako. Wanawe walikuwa wameifanya gurudumu. Nikapanda treni kwenda Bukene.

Bi Zuhura bado yupo, amenenepa, nywele zimeingia mvi. Nilimwuliza kama bado anayo ile ya Mtoto Anacheka. Akasema anayo, haiuzwi. "Hiyo siitoi, mama. Nikiwa na siku mbaya ndiyo naiweka. Huyo mtoto ananitoa uchovu." Nikamwambia nitampa debe la mtama. Akakataa. Nikamwambia madebe mawili. Akanicheka, akauliza ninaitakia nini kiasi hicho, sahani kuukuu.

Sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu asiye wa ukoo. Nikasema, "Huyo mtoto ni wangu. Alikufa kabla haijatoka."

Alisimama na kijiko mkononi. Hoteli ilikuwa na wateja wawili, akawaambia wanywe watoke. Akafunga mlango mchana kweupe. Akanikalisha, akaniuliza jina lake nani, nikamwambia, Kabula. Akasema, "Miaka yote hii nimekaa naye humu na sikujua jina lake." Halafu akasema, "Nisamehe mama. Nimemfanya mwanao burudani." Yeye, kaka. Mtu baki, Mwislamu, aliyenunua kwa haki sahani yake dukani. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Aliiweka. Tukasikiliza mara mbili. Imechakaa, inakwaruza, lakini yupo. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta kicheko kipi ni kile cha kweli, kile cha uani, cha ndege. Nilikaza masikio. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote ni kimoja. Ulifanya kazi nzuri. Mimi mama yake siwezi kutenganisha cha mwanangu na vyako. Niliitazama ile karatasi ya katikati, ikiwa na jina lako na jina la mpiga gitaa, nikamwomba Bi Zuhura kalamu. Nikaandika juu ya jina lako, kwa herufi kubwa za kisomo, KABULA. Bi Zuhura akaifunga kwenye gazeti na kitenge, akanipa. Mtama alikataa.

Ninayo hapa. Sina chenja wala sitaki. Jumapili iliyopita nilimkalisha Modesta nikamwambia alikuwa na dada, na kwamba kofi lile halikuwa lake. Aliuliza dada yake anafananaje. Nikamwambia, anacheka kama wewe. Hatujaenda mbali zaidi ya hapo.

Sesilia amenitumia ujumbe. Anataka tutoe nia ya misa ya mwaka wako, jina langu na lake, mbele ya altare. Nimemjibu kwamba jina langu aliondoe. Misa nitakwenda, maana misa si yako. Na kuna mahali pale katikati padri anaposema tuwaombee marehemu wote, watu wanainamisha vichwa na kila mtu anawataja wake kimyakimya. Nitamtaja mama yetu, nitamtaja Kabula. Wewe nitakuweka pamoja na wale wengine, wasio na mtu wa kuwataja. Sitakuruka. Lakini jina lako halitapita mdomoni kwangu, mwaka huu halitapita, na mwaka kesho sijui.

Nikiweza siku moja, nitalisema kwa sauti kanisani, mkono wa kulia kifuani, wakusikie wote. Ahadi yangu ni hiyo tu, sina nyingine. Hadi siku hiyo lala huko uliko, na ukimwona, mwache. Usimwombe acheke.

Mdogo wako,
Veronika